Siri na Staha

Udadisi ni pacha wa ujana. Kijana apewapo hadithi ya upelelezi huisoma kwa kiu, na huifunga akiwa ameshika ahadi moja: kwamba hakuna jambo lililofichwa ambalo akili haina haki ya kulifichua. Ahadi hiyo ni tamu. Je, ni ya haki?

Katika Kiswahili swali hili lilizaliwa pamoja na hadithi ya upelelezi yenyewe. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti yaonekana mzimuni, mahali panapoogopwa na watu. Bwana Msa, na kiko chake, hakubali mzimu utwikwe mzigo wa mtu. Atafuta mkono wa binadamu.

Hapo pana hekima. Mwuaji hupenda kujificha nyuma ya kitu kinachoogopwa, na kuiacha hofu hiyo bila kuihoji si heshima kwa wazee, bali ni hifadhi kwa mwovu. Lakini pana hatari vile vile. Msomaji aweza kudhani kwamba waliokuwa wakiweka nadhiri pale walikuwa wajinga tu, wakingoja mtu mwerevu aje kuwazindua.

Sasa tuseme mwandishi aiweka hadithi ya namna hiyo Igowole, wilayani Mufindi, penye chai na ukungu wa asubuhi. Mtoto amepotea, na nyayo zake zaishia penye makaburi ambapo Wahehe hutambikia wahenga wao. Mpelelezi ana haki ya kuuliza nani aliyemwona mtoto mwisho. Hakuna mzee awezaye kuizuia haki hiyo kwa jina la mila, maana uhai wa mtoto wapita ukimya wa mtu mzima. Lakini maneno ya tambiko hayaonyeshi mtoto alipo. Kuyaanika ili kurasa zipendeze ni wizi, japo mwizi ashike kalamu.

Yuko atakayesema kwamba mpaka huo hauonekani upesi. Ni kweli, na nchi ya Wahehe yenyewe yatoa mfano. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alirudisha fuvu kutoka Bremen, lililochaguliwa kwa vipimo kati ya mafuvu mengi, nalo likawekwa Kalenga. Kuuliza kama ndilo lenyewe si kumvunjia Mkwawa heshima. Ni kuwadai hesabu waliomchukua. Lakini kuligeuza fuvu hilo kuwa kitendawili cha kuchekesha wageni ni kurudia kosa la kwanza. Swali ni moja. Anayedaiwa jibu siye mmoja.

Basi kipimo ni hiki. Mwandishi ajiulize: pazia hili likivutwa, nani atabaki uchi? Kama ni mwenye hatia, na alivute. Kama ni mtu asiyedaiwa neno na yeyote, mkono urudi. Kijana afundishwe yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa udadisi usio na staha hulea jasusi, na staha isiyo na udadisi hulea mtumwa.