Jina Juu ya Kaburi

Mwezi uliopita baba mdogo aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: kila mtu atoe laki moja, tulijengee kaburi la bibi pale Kisutu, tuweke marumaru na jina. Bibi alizikwa kwa sanda na kibao cha mti tu. Kibao kimeshaoza. Siku hizi tukienda kumwombea dua tunabishana: ni hili au lile?

Shangazi akapinga. Bibi mwenyewe alikataza, akasema, hakutaka mapambo. Mimi nikanyamaza. Sikuwa na hoja, na kusema kweli laki yenyewe sikuwa nayo.

Wiki ile nilikuwa na kazi Bagamoyo. Nikatoka Kariakoo, nikapanda gari Makumbusho. Kazi ilipoisha nikaingia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioweka makazi yao pale mwaka 1868. Nikaenda makaburini kwao. Watu hawa waliishi kijamaa kweli: walikula meza moja, na kwa nadhiri ya ufukara hakuna aliyejiwekea mali. Malaria iliua wengi wao wakiwa bado vijana. Nikisoma miaka iliyoandikwa pale nikaona kadhaa nimewazidi umri. Waliacha kila kitu, ila jina lilibaki nao.

Halafu nikawawaza wale waliolima mashamba ya misheni hiyohiyo: watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Walibatizwa wakapewa majina mapya. Walikombolewa, hilo silibishi. Lakini hata ukilikuta jina la mmoja wao kwenye kitabu cha ubatizo, huenda silo alilokuwa akiitwa na mama yake.

Hapohapo misheni, Februari 1874, uliletwa mwili wa Livingstone, umebebwa kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi tunawajua. Tunawajua kwa sababu mzigo wao ulikuwa mtu maarufu. Waliobeba pembe kwenye njia zilezile, nani anawajua?

Nikarudi nyumbani na swali hilo, na nyumbani kwenyewe ni Kariakoo. Jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Kikosi kimepata mtaa na soko. Mtu mmojammoja hakupata hata kibao.

Sasa hapo ndipo niliposhikwa. Mpagazi asiye na jina kaburini tunasema amedhulumiwa. Bibi yangu asiye na jina kaburini tunasema ni unyenyekevu. Tofauti iko wapi, ikiwa udongo ni uleule?

Nadhani tofauti ni hii: bibi alilikataa jina juu ya kaburi akijua limo vinywani mwa watu. Alikuwa nalo, ndiyo maana aliweza kulikataa. Mpagazi hakuulizwa. Unyenyekevu ni kuacha ulicho nacho. Ukinyang'anywa, huo si unyenyekevu, hata kama makaburi yenu yatafanana.

Lakini hoja hii inanigeukia mwenyewe. Bibi alituamini sisi tuwe kibao chake. Je, tumekuwa? Usiku ule nikaandika kwenye kundi: "Naomba kuuliza, mama yake bibi aliitwa nani?"

Alama za kusoma zikageuka bluu. Watu kumi na tisa, kimya. Asubuhi shangazi akatuma ujumbe wa sauti: analikumbuka jina la utani tu, lile la kweli hakuwahi kuuliza.

Laki nimemtumia baba mdogo. Sijashawishika na marumaru. Nimelipa kwa aibu.