Ukweli wa Fremu Isiyopakwa Rangi

Fremu ya baiskeli ya nyuzi za kaboni isipopakwa rangi huonyesha nyuzi zake nyeusi chini ya vanishi angavu. Waendesha baiskeli wanaozunguka Regent's Park, London, alfajiri huuita weusi huo uaminifu, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Swali ni kama kifaa huwa kikweli kwa kuachwa uchi.

London imelijadili jambo hili zamani. Mhakiki wa sanaa John Ruskin, aliyezaliwa humo mwaka 1819, alitoa mwaka 1849 kitabu The Seven Lamps of Architecture, chenye sura nzima juu ya ukweli katika ujenzi. Alikemea jengo kudai kubebwa na kitu kisicholibeba, mbao kupakwa rangi zionekane marumaru, na mapambo ya mashine kuwekwa mahali pa kazi ya mkono. Hata hivyo hakumtaka mjenzi aache kila kiungo wazi. Ngozi ya binadamu nayo hufunika mifupa bila kuwa uongo.

Kwa kipimo hicho rangi ya kawaida haina hatia, kwani haijifanyi kitu kingine. Fremu iliyo wazi ndiyo yenye kesi ngumu zaidi. Katika fremu nyingi ule msuko unaovutia macho ni tabaka la urembo. Mzigo hubebwa na matabaka ya chini, ambayo nyuzi zake hulala upande mmoja na kupishana pembe. Anayeusifu msuko huo anaisifu kanzu, si mwili.

Isitoshe, chuma kikigongwa hubonyea na kutoa habari. Kaboni inaweza kuachana matabaka kwa ndani huku uso ukibaki karibu mzima. Fundi hugongagonga kwa sarafu akisikiliza mahali sauti kali inapogeuka butu, lakini hiyo ni dalili tu. Kipimo cha mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio kina uzito zaidi.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Miale ya jua huichakaza epoksi inayozishika nyuzi, kwa hiyo vanishi yenye kinga ya jua haifai kukwanguliwa wala kufutwa kwa kiyeyushi cha rangi. Maji ya sabuni na sifongo laini yanatosha. Mashine ya presha husukuma maji ndani ya beringi. Mahali ambapo waya wa breki unasugua hubandikwa utepe angavu. Majira ya baridi barabara za London humwagiwa chumvi, na kaboni hupitisha umeme: bomba la kiti la alumini likikaa ndani yake na maji ya chumvi huliwa na kutu yake nyeupe, likagandamana na fremu. Bomba la kiti la kaboni hupakwa dawa yenye chembechembe badala ya grisi, kisha hukazwa kwa spana yenye kipimo, mara nyingi karibu niutoni mita 5, kufuata maandishi ya mtengenezaji. Kukaza kwa kukisia kumevunja mabomba mengi.

Ukweli unajaribiwa hasa siku ya kuuza. Sheria ya Uingereza humtaka muuzaji binafsi asitoe maelezo ya uongo, lakini kwa kawaida haimlazimishi kutaja kila kasoro; mnunuzi ajihadhari. Maadili ya Kiislamu yanadai zaidi. Hadithi inayojulikana sana inasimulia kwamba Mtume Muhammad, katika soko la Madina, aliingiza mkono ndani ya lundo la nafaka akakuta unyevu chini, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Kwa mafakihi, kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali.

Hukumu hiyo inaifaa kaboni kuliko ile ya kumwachia mnunuzi macho yake, kwa sababu macho hayafiki ndani ya matabaka. Anayejua kwamba baiskeli iligongwa na gari ni mwenyewe, na kunyamaza kwake kunaweza kumwangusha mtu mwingine kwenye mteremko. Kwa hiyo kutunza fremu ni pamoja na kuandika kila ajali yake. Iliyotiliwa shaka hupimwa kabla ya kuuzwa. Iliyotengenezwa huuzwa pamoja na habari yake. Isiyotengenezeka hukatwa kwa msumeno ili isirudi sokoni.