Alhamdulillah Haipimi Presha

"Mzee, unaendeleaje na dawa?" daktari aliniuliza.

"Alhamdulillah."

Akaandika kwenye daftari langu, akatazama namba za presha, akatikisa kichwa. Bado ilikuwa juu. Akaongeza kidonge cha pili. Nikashukuru, nikabana daftari kwapani, nikaenda kutafuta daladala ya kurudi Ujiji.

Sikusema uongo, Mwislamu humhimidi Mola wake katika kila hali. Lakini ukweli niliuacha nyumbani. Kidonge cha kwanza kilikuwa cha kupunguza maji mwilini, nacho kilinipeleka chooni mara kwa mara. Mimi ni mtu wa safu ya mbele msikitini, na nikitia udhu ulikuwa haukai hadi takbira. Basi Ijumaa sikimezi. Jumatatu na Alhamisi nafunga sunna, nikawa nakiruka pia. Najiambia nitakimeza nikishafuturu, halafu naogopa kuamka usiku kucha. Katika siku saba nilikuwa nameza nne. Zile tatu tulizijua mimi na Mungu wangu.

Binti yangu akaja likizo kutoka Tabora. Ni mtu wa hesabu. Alivikuta vidonge vilivyobaki, akavihesabu, akaninunia. Tangu siku hiyo kila asubuhi akawa ananiwekea vyote viwili kando ya kikombe cha uji, haondoki mpaka nimeze, funga au si funga. Siku ya tisa, alfajiri, nilikuwa nimeinama kuchota maji ya udhu kwenye pipa. Nilipoinuka, dunia ikazunguka. Nilijikuta chini, kopo limebiringika hadi mlangoni, kanzu imelowa. Nikapelekwa kupimwa: presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi.

Dawa haikuwa na kosa. Ilikuwa imepangiwa mtu mwingine, mtu anayemeza kila siku na presha yake bado inabaki juu. Mtu huyo nilimtunga mimi, kwa neno moja tu.

Jamaa wa barazani walikuja kunipa pole. Mmoja akasema, "Kudra hiyo, Mwalimu. Lililoandikwa limeandikwa." Sikubishana naye, maana naamini kama anavyoamini. Ila usiku nililifungua daftari lile nikayasoma yaliyoandikwa humo. Ilikuwa kalamu ya daktari, ikifuata ulimi wangu.

Nimefundisha madrasa miaka mingi. Katika sura ya Baqara, mara baada ya aya ile ndefu ya madeni, linakuja onyo kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Watoto nimewafafanulia kwa mifano ya mbuzi na mashamba. Haikunijia hata siku moja kwamba kibofu changu nacho kina kesi, na shahidi wake duniani ni mmoja.

Na sheria yetu ililijua hili zamani. Wanazuoni walipouliza itajulikanaje kwamba saumu itamdhuru mgonjwa, walitaja njia mbili: uzoefu wa mgonjwa mwenyewe, au kauli ya tabibu anayeaminika. Wamewekwa mkeka mmoja. Mgonjwa hakuhesabiwa gunia la dagaa, la kupakiwa na kupakuliwa. Amehesabiwa mtu anayejua jambo ambalo mwingine halijui mpaka aambiwe.

Hapa Ujiji wageni huja kwenye makumbusho kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi huwaza zaidi Machi 1869, Livingstone alipofika hapa mara ya kwanza akiwa hoi, baada ya kubebwa na msafara wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alikuwa tabibu aliyesomea, lakini sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867. Kilichobaki ni daftari. Humo aliandika pafu linaloumwa ni lipi, kohozi lina rangi gani, na kwamba hawezi tena kutembea. Dawa hana, ushahidi anautoa. Mimi dawa zilikuwa kabatini, na ushahidi nimeufungia humo humo.

Kisa kinachonituliza zaidi ni cha Sayyidna Umar, alipokuwa safarini kwenda Sham na kupata habari kwamba kumeingia tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Kikureshi, akawasikiliza, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana hii: tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Hapo ndipo alipotokea Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwepo katika mashauri yale, akasema yeye ana elimu ya jambo hili: amemsikia Mtume akikataza kuingia nchi yenye tauni, na kuitoka ukiwa ndani yake. Umar akamhimidi Mungu, akarudi.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kwa ajili ya lile jibu la kadari. Siku hizi natazama mwisho wake. Umar alihimidi baada ya kusikia. Mwenye habari alisema kwanza, ndipo sifa zikafuata. Mimi nilitanguliza sifa ili habari isipate nafasi.

Lakini Umar aliuliza, tena kwa makundi matatu. Na "unaendeleaje" kwa Kiswahili ni salamu. Jibu lake tumezaliwa nalo. Siku ile kwenye benchi tulikuwa wengi, akiwemo mama aliyetoka kijijini, Kiha chake kizuri, Kiswahili cha kubahatisha. Aliulizwa swali lile lile, akaitikia kwa kichwa. Sijui aliondoka na ushahidi gani.

Niliporudi kliniki nilimkuta daktari mwingine, kijana. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, akalifungua daftari. Hakuuliza naendeleaje. Akasema, "Mwalimu, wiki iliyopita kabla ya kuanguka, ulikosa vidonge vingapi?"

"Hiyo wiki hakuna. Miezi yote ya kabla yake, vitatu kila wiki."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza udhu, Ijumaa, funga, pipa la maji. Aliposikia habari za safu ya mbele akacheka, nami nikacheka. Akakifuta kile kidonge cha pili, akaandika kwamba Ijumaa kile cha kwanza nikimeze nikisharudi msikitini, na siku za funga tukazipangia saa pamoja. Nikasema alhamdulillah.

"Kuna lingine, Mwalimu?"

Lilikuwepo. Nikavuta kiti karibu, nikamwambia habari za dagaa wa chumvi.