Ibada na Ujira wa Mtumishi

Katika mtaa wa Mkunazini, Unguja, pale ambapo wanadamu walinadiwa kama bidhaa hata soko likafungwa mwaka 1873, Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wa kanisa, na madhabahu yake, kwa mujibu wa mapokeo, imesimama mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Basi Mkristo apigaye magoti humo, au katika kanisa lolote, hana budi kuihoji nafsi yake: je, mtumishi aliyebaki nyumbani akituchambulia mchele siku ya Jumapili, amelipwa ujira wake kwa insafu, naye amepewa wasaa wa kusali? Ibada isiyofika jikoni haijatimia. Ndugu msomaji, kabla ya kutoa sadaka, timiza kwanza haki ya mtumishi wako.