Nani Ataisoma Ankara?

Kampuni ya umeme ikiomba kupandisha bei kwa senti chache, hasara ya kila nyumba huwa ndogo mno. Nani atakosa siku ya kazi ili akapinge senti? Upande wa kampuni, senti hizo zikikusanywa kutoka nyumba milioni kadhaa zinatosha kuajiri mawakili, wahandisi na wachumi wa kukaa mbele ya tume ya bei mwaka mzima. Mwanauchumi Mancur Olson alilichambua jambo hili mwaka 1965: wachache wenye maslahi makubwa hujipanga, na wengi wenye maslahi madogo madogo hubaki wametawanyika. Kama ni kweli, demokrasia ina ugonjwa usioponywa na uchaguzi peke yake. Wengi wanaweza kuwa na haki, idadi na kura, wakashindwa kwa sababu hakuna kati yao anayelipwa kukaa macho.

Pat Quinn wa jimbo la Illinois, Marekani, aliutibu ugonjwa huu kwa dawa mbili tofauti kabisa, na ndiyo maana maisha yake ya siasa yananivutia kuliko ya magavana wengi. Kabla hajawa gavana kati ya 2009 na 2015, alijulikana kwa kukusanya saini. Mwishoni mwa 1978, uchaguzi ukiwa umekwisha tu, wabunge wa jimbo walijiongezea mshahara kwa asilimia 40. Quinn akawahimiza watu wamtumie gavana vifuko vya majani ya chai, kuikumbusha serikali chai iliyomwagwa bandarini Boston mwaka 1773. Vuguvugu lile likazaa kura ya 1980, iliyopunguza viti vya Baraza la Wawakilishi kutoka 177 hadi 118. Mpaka leo ndiyo mabadiliko pekee ya katiba ya Illinois ya 1970 yaliyopita kwa saini za wananchi wenyewe.

Hasira ile ilikuwa na haki. Lakini tazama kilichofutwa pamoja na viti. Katika mfumo wa zamani kila eneo la uchaguzi lilitoa wawakilishi watatu, na mpiga kura alikuwa na kura tatu, zote angeweza kumpa mtu mmoja. Hivyo chama kidogo kilipata kiti hata ndani ya ngome ya wapinzani wake: Republican katikati ya Chicago, Democrat katika vitongoji vya matajiri. Watu wa namna hiyo hawakuburutwa kirahisi na viongozi wa vyama. Walipoondoka, mamlaka yalirundikana juu. Mwaka 1983 Michael Madigan alishika uspika wa baraza hilo, na ukiacha miaka miwili katikati, hakuuachia hadi 2021. Sidai kwamba kura ya 1980 ndiyo iliyomzaa. Uchoraji wa mipaka ya maeneo ya uchaguzi na fedha za kampeni zilifanya kazi yao. Ninachosema ni kwamba kupunguza watawala hakuongezi waangalizi. Hasira hutaka adhabu ionekane, kisha kila mtu arudi nyumbani kwake. Ankara nayo inarudi kila mwezi.

Dawa ya pili haikuwa na kishindo. Mwaka 1983, baada ya kampeni ambayo Quinn aliiongoza, sheria iliunda Citizens Utility Board, CUB kwa kifupi: chombo cha watumiaji wa umeme, gesi na simu, chenye wanachama wanaolipa ada ndogo na wataalamu wa kupingana na wataalamu wa makampuni. Kilichonipendeza zaidi ni bahasha. Sheria iliiruhusu CUB kuweka kipeperushi chake ndani ya bahasha ileile iliyobeba ankara, ili mtu apate bei na mtetezi wake kwa mkono mmoja. Mwaka 1986, katika kesi ya California, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kampuni haiwezi kulazimishwa kubeba maneno ya mtu mwingine katika bahasha zake. Njia ikafungwa, CUB ikahamia kwenye bahasha za ofisi za jimbo. Haikufa. Mwaka 1993 ilikuwa miongoni mwa walioibana kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison, ComEd, ikakubali kuwarudishia wateja dola bilioni 1.3. Fedha hizo hazikupatikana kwa maandamano. Zilipatikana kwa sababu palikuwa na watu waliosoma hesabu mwaka baada ya mwaka, umma ukiwa umeshasahau.

Hata hivyo uangalizi nao una mpaka wake. Mwaka 2011 Quinn, sasa gavana mwenye kalamu, alikataa muswada wa ComEd uliobadili namna ya kukokotoa bei. Bunge likabatilisha kukataa kwake, likiwemo baraza lile la viti 118. Mwaka 2020 ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 kwa kuwapa washirika wa Madigan ajira na mikataba ili kumvuta upande wake, na muswada ule wa 2011 ulikuwa miongoni mwa mambo iliyoyatafuta. Mwaka 2025 Madigan mwenyewe alitiwa hatiani kwa mashtaka kadhaa ya rushwa, akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu. Waliomfikia walikuwa wapelelezi wa serikali kuu wenye vinasa sauti. CUB ina haki ya kukaa katika chumba cha tume ya bei na kuhoji kila tarakimu, lakini biashara ile haikufanyika katika chumba hicho, na sijaona bado chombo cha wananchi, Illinois au kwingine, kilichopewa kiti mahali ilipofanyika.