Jaribio la Mlalo

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto. Tatizo lilikuwa la kweli: mvua ilikuwa ikiisomba ardhi ya miteremko ya Usambara. Dawa iliyoamuliwa ilikuwa matuta, na mwenye kukaidi alitozwa faini. Mwaka 1950 mpango ukapanuliwa Usambara nzima.

Vijana wanaounda programu za kompyuta wausome mkasa huu kabla ya kuchagua modeli ya kazi yao. Mlalo ilipewa kile ambacho miradi mingi ya programu hukosa: eneo la majaribio, na muda wa kulitazama. Na wakulima hawakunyamaza. Kazi ya jembe ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Majibu yalikuwepo, ila mpango haukuwa na pa kuyaweka. Manung'uniko yakawa upinzani, chama cha TANU kilichodai uhuru kikapata wasikilizaji, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha matuta ya lazima yalikuwa yameachwa.

Katika programu, modeli ya maporomoko hupanga mahitaji, usanifu, uandishi na majaribio moja baada ya jingine. Kama maji ya maporomoko ya Soni, Lushoto, kilichoshuka hakipandi tena. Mhandisi Winston Royce aliichora mwaka 1970 na papo hapo akaonya kwamba ni ya hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni. Wengi wakachukua mchoro, wakaacha onyo. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Marekani, wakatoa ilani ya kufanya kazi kwa vipande vifupi, mtumiaji akiwa karibu.

Basi tuchague vipande vifupi? Taratibu. Mlalo nayo ilikuwa kipande cha kwanza. Jaribio lisiloweza kubadilisha mpango ni amri iliyocheleweshwa tu. Kwa hiyo kabla ya jina la modeli, soma mkataba: nani ana ruhusa ya kufuta hitaji wiki ya nne, na je, mjenzi atalipwa akilifuta? Kama kila skrini imeorodheshwa na kufungiwa malipo yake, modeli imeshachaguliwa, hata mkiita vikao kila asubuhi.

Chukua chama cha ushirika cha wakulima wa mboga kinachotaka programu ya kupokea mizigo na kulipa kwa simu. Malipo yana kanuni zinazojulikana, na kosa moja ni fedha ya mtu. Hapo panga yote mapema, kagua, funga. Upokeaji wa mizigo ni habari nyingine. Waraka wa mahitaji utaandika kilo, kwa sababu sheria ya vipimo ndivyo inavyotaka. Sokoni mkulima bado anaweza kudaiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na mwandishi wa programu hatalijua hilo mpaka asimame kando ya gunia akiwa na kipande cha kwanza mkononi, na ruhusa ya kukibomoa.