Nakala ya Kaboni

Tulipoingia chuo cha theolojia, kompyuta zilikuwa zimekwisha kufika mjini, lakini sisi tulijifunza kuchapa kwa mashine za taipu za chuma, nzito karibu kama debe la mahindi. Vidole vya kushoto a, s, d, f. Vya kulia j, k, l. Tukarudia mpaka kidole kidogo kikauma. Tarakimu 1 haikuwamo kwenye mashine yetu. Tulitumia herufi l ndogo.

Shida ilikuwa kosa. Raba ilichubua karatasi. Wino mweupe uliificha herufi, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga, unaiona. Na chini yake kulikuwa na karatasi ya kaboni, ambayo ilipeleka kila pigo kwenye nakala ya jalada.

Wakati wa mazoezi usharikani tulipewa barua ya kumzuia mama mmoja kushiriki Meza ya Bwana. Usharika ule ulikuwa na akina mama wawili ambao majina yao yalitofautiana kwa herufi moja, i na u, na vitufe hivyo vinapakana. (Mpaka leo kidole hicho hatukiamini.) Barua ikamfikia asiyehusika. Jumapili ile alibaki kwenye benchi huku wenzake wakienda mbele, na watu wakaanza kumtafutia dhambi.

Baraza la wazee lilimwomba radhi kwa barua, tukaichapa sisi wenyewe. Lakini nakala ya ile ya kwanza ilibaki jaladani, nasi tukataka kuichoma. Tulikuwa na hoja nzuri ya kitheolojia: Paulo anawafundisha Wakolosai kwamba Mungu ameifuta hati iliyotushtaki. Kama Mungu anafuta, kanisa latunza nakala ya nini?

Hoja ile ilitupendeza kupita kiasi. Hati ya deni hufutwa na mdai. Mdaiwa akiingia ofisini na kiberiti, hapo pana jambo jingine. Aliyeumizwa alikuwa mama yule, na tuliyetaka kumsitiri tulikuwa sisi, ingawa tulisema tunalinda heshima yake. Tumeona jambo hilo mara nyingi tangu hapo, hata katika upatanisho wa ndoa: anayehimiza kwamba yaliyopita yasahauliwe, mara nyingi ndiye aliyeyatenda.

Mwisho tulikwenda nyumbani kwake kumwuliza. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha.

"Msiichome, wanangu. Nimekwisha kuwasamehe. Lakini mkiichoma, atakayenikumbuka kwa Jumapili ile nitamwonyesha nini? Ziwekeni zote mbili pamoja."

Tukazibana kwa pini, barua ya radhi juu. Kisha akatuuliza kama yule mama mwingine, mwenye i, amekwisha kutembelewa na mtu yeyote. Tulikuwa hatujamfikiria.